Mfuko wa nyongo umevimba, je kuna jiwe limeshuka kwenye mrija? Namna ya kusoma majibu ya damu

Mgonjwa yuko wodini, anashika chini ya mbavu upande wa kulia, ukimbonyeza hapo ukamwambia vuta pumzi anaikatisha katikati na kukunja uso, altrasaundi imerudi inasema mfuko wa nyongo umevimba, ukuta umenenepa, ndani kuna mawe. Mpaka hapo hakuna ubishi. Dripu inaenda, antibayotiki zimeanza, dawa ya maumivu imechomwa, daktari wa upasuaji ameshapigiwa simu. Swali linalobaki ndo linalowasumbua watu wengi hasa usiku ukiwa peke yako zamu: je kuna jiwe limetoka mfukoni likashuka kwenye mrija mkuu au hakuna? Maana kama lipo na nyie mkatoa mfuko tu mkafunga, mgonjwa ataondoka na jiwe lake na wiki kadhaa mbele anarudi macho ya manjano anatetemeka kwa homa. Na kama halipo na wewe ukamwandikia rufaa ya kwenda mbali kutafuta MRI ya kuangalia mrija, umeitoa familia hela ambayo pengine ilikuwa ya ada au ya mbegu za msimu, na upasuaji wake umechelewa bure.

Naandika hii kwa intani na matabibu walioko hospitali za wilaya na mikoa, na pia kwa wewe ndugu wa mgonjwa uliyeshika karatasi ya maabara hapo nje ya wodi huelewi hizo herufi ALT ALP GGT zinasema nini. Nimekaa na hawa wagonjwa miaka kadhaa na kitu ambacho nataka ukishike kabla ya vyote ni hiki: majibu ya damu yanajua kukwambia "jiwe halipo" vizuri zaidi kuliko yanavyojua kukwambia "jiwe lipo". Ukilielewa hilo, makosa mengi utayaepuka.

Tuanze na mabomba yenyewe. Ini linatengeneza nyongo muda wote, inashuka kwenye vijimrija vidogo vinavyoungana mpaka vinakuwa mrija mmoja, mrija huo unateremka unapita kwenye kichwa cha kongosho na kumwaga kwenye utumbo mwembamba mwanzoni kabisa. Mfuko wa nyongo uko pembeni, umening'inia na kamrija kake kembamba kama kibuyu kilichofungwa kwenye tawi. Sasa mfuko unavimba pale jiwe linapoziba hako kamrija ka pembeni. Njia kuu bado iko wazi, nyongo ya ini inaendelea kushuka kama kawaida, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida vipimo vya ini vilitakiwa viwe vizuri. Jiwe likiingia njia kuu likakwama ndo nyongo inarudi nyuma kuelekea ini, na damu inaanza kusema.

Inasemaje? ALT na AST ni enzaimu zilizoko ndani ya seli za ini, presha ya nyongo ikipanda ghafla seli zinaumia na hizi mbili zinavuja haraka, ndani ya masaa. ALP na GGT nazo ni enzaimu, ila ziko zaidi kwenye kingo za vijimrija vya nyongo, na ALP inabidi ini liitengeneze mpya kabla haijapanda kwenye damu, kwa hiyo inachelewa siku moja hata zaidi. Bilirubini yenyewe ni ile rangi ya nyongo, inajilimbikiza taratibu kadiri njia inavyokaa imezibwa. Ndo maana mgonjwa aliyeanza kuumwa saa nne zilizopita anaweza kuwa na ALT ya 500 huku ALP na bilirubini zikiwa karibu na kawaida, na daktari asiyejua hili anaandika "hepataitisi" anamtoa kabisa kwenye upasuaji. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Mtu mwenye maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu, ana mawe kwenye mfuko, ALT imeruka juu sana halafu kesho yake imeshuka karibu nusu, huyo mfikirie jiwe kwanza, maana homa ya ini ya virusi haishuki kwa kasi hiyo.

Sasa kuchukua damu. Huhitaji mgonjwa awe na njaa, usimcheleweshe kwa hilo. Omba ALT, AST, ALP, GGT, bilirubini yote na ile ya moja kwa moja (ambayo ini limeshaisindika), kwa pamoja. Maabara nyingi wakiandikiwa "LFT", yaani vipimo vya ini, tu wanaweza wasikupe GGT kwa hiyo iandike kwa jina lake. Ongeza lipesi au amilesi, enzaimu za kongosho, kwa sababu jiwe linaloshuka linaweza kuchokoza kongosho, ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu na maumivu yapo basi kongosho nalo limevimba. Ongeza picha kamili ya damu, kreatinini ya figo, na INR, kipimo cha kuganda kwa damu, kama ipo, kwa sababu nyongo isipofika utumboni vitamini K hainyonywi vizuri na damu inachelewa kuganda, na hilo unataka ulijue kabla mtu hajashika kisu. Damu usiichote juu ya mkono wenye dripu. Usiivute kwa nguvu ikapasua seli nyekundu, maana AST itapanda kwa uongo na bilirubini nayo inaweza kuvurugika, na chupa usiiache dirishani inapigwa jua kwa sababu mwanga unaivunja bilirubini. Haya yanaonekana madogo ila nimeshawahi kubishana na majibu siku nzima kumbe sampuli ilikaa juu ya meza yenye jua tangu asubuhi.

Majibu yakirudi kitu cha kwanza kabla hujasoma namba yoyote angalia yuniti. Bilirubini kuna mashine zinatoa mikromoli kwa lita na kuna zinazotoa miligramu kwa desilita. Miligramu 1 ni sawa na mikromoli 17.1. Kwa hiyo bilirubini 4 kwenye karatasi moja ni hatari na bilirubini 4 kwenye karatasi nyingine ni mtu mzima wa afya kabisa. Afu angalia kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, usitumie ulichokariri chuoni, kisha gawanya. Mfano ALT ni 90 na mwisho wa kawaida ni 40, andika pembeni "mara 2.25". ALP 300 na mwisho ni 120, andika "mara 2.5". Ukifanya hivi utaona haraka kipi kimepanda zaidi, na utaweza kulinganisha na majibu ya hospitali nyingine bila kuchanganyikiwa.

Haya, sasa zinasema nini.

Chukua wagonjwa 100 wenye mfuko wa nyongo uliovimba. Wenye jiwe kwenye mrija huwa kama 5 mpaka 15 hivi, tuseme 10. Mapitio ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2015 yalikuta ALP ikizidi 125 inawanasa 92 katika kila 100 wenye jiwe, na kwa wasio na jiwe inabaki chini kwa 79 katika kila 100. Namba hizo zilitoka kwenye utafiti mmoja na sio wa mfuko uliovimba peke yake, mi nazitumia kufundishia hesabu. Kwenye 10 wetu wenye jiwe, ALP itawanasa 9 na mmoja atapita. Kwenye 90 wasio nalo, 71 watakuwa na ALP nzuri, na 19 itakuwa juu ingawa hawana kitu. Sasa jumlisha: walio juu ni 28 na wenye jiwe kweli ni 9 tu, yaani mmoja katika watatu. Walio kawaida ni 72 na mwenye jiwe kati yao ni mmoja. Umeona? Kipimo kilekile, kikiwa kizuri unaweza kukiamini sana, kikiwa kibaya bado wawili katika watatu hawana jiwe. Sio kwamba maabara imekosea, ni kwa sababu tangu mwanzo wenye jiwe ni wachache.

Na kwa mfuko uliovimba hali ni ngumu zaidi, kwa sababu uvimbe wenyewe unaegemea ini, sumu za bakteria zinapunguza mtiririko wa nyongo ndani ya ini, kwa hiyo vipimo vinapanda hata bila jiwe lolote kwenye mrija. Muongozo wa mwaka 2020 wa chama cha dunia cha upasuaji wa dharura, WSES, unasema kati ya 15 na 50 katika kila 100 wenye mfuko uliovimba bila jiwe kwenye mrija wana vipimo vya ini vilivyopanda, na unasema wazi kwamba vipimo vya damu peke yake havitoshi kumtambua mwenye jiwe. Afu kuna lile tatizo alilolieleza Mirizzi, daktari wa upasuaji wa Argentina, mwaka 1948, jiwe kubwa limekaa shingoni mwa mfuko linaubana mrija mkuu kwa nje, damu inasoma kama kuna jiwe ndani kumbe liko jirani.

Kwa upande wa "halipo" namba ni nzuri. GGT ndo rafiki yangu mkubwa hapo. Kwenye utafiti uliochapishwa 2008 wa wagonjwa zaidi ya elfu moja waliokuwa wanatolewa mfuko wa nyongo, wale ambao GGT yao ilikuwa kawaida karibu 98 katika kila 100 hawakuwa na jiwe kwenye mrija. Kwa hiyo mgonjwa wako akiwa na GGT nzuri, ALP nzuri, ALT na bilirubini nzuri, na altrasaundi inasema mrija hauzidi milimita 6, huyo mpeleke upasuaji. Usimtafutie MRI.

Nikwambie kilichonifundisha hili. Nikiwa mdogo kazini aliletwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfuko umevimba kweli, bilirubini mikromoli 41, ALT mara mbili, ALP mara moja na nusu, mrija milimita 5. Mimi nikaona 41 nikaogopa, nikaandika rufaa usiku uleule, kijana wake akauza ng'ombe kupata nauli na hela ya kipimo. Siku ya nne kipimo kinafanyika mrija mweupe hauna kitu, na damu iliyorudiwa kule bilirubini ilikuwa 17. Antibayotiki nilizomwanzishia mwenyewe ndo zilikuwa zimeishusha. Alivyorudi kuja kupasuliwa kwetu aliniambia kwa upole tu, "Dokta mwanangu, ungetuambia tusubiri hata siku mbili." Sijaisahau hiyo sentensi, na tangu hapo sijawahi kumpa mtu rufaa ya jiwe kwa seti moja ya majibu isipokuwa ana dalili za dharura ambazo nitazisema chini.

Kwa hiyo rudia damu. Hii ndo sehemu ambayo watu wanairuka na ndo yenye faida kubwa kuliko zote. Chukua wakati anaingia, afu chukua tena baada ya masaa 24 mpaka 48, maabara ileile kama inawezekana. Panga namba zote kwenye karatasi moja kwa safu, usizitafute kwenye kurasa tofauti za faili.

Zikishuka zote kwa pamoja na maumivu yanapungua, ama ulikuwa uvimbe tu unatulia ama jiwe dogo limepita lenyewe mpaka utumboni, na kwa vyovyote njia sasa hivi iko wazi. Nilikuwa na mzee mwingine, huyu usiku wa kwanza ALT 480, ALP 140, bilirubini mikromoli 30. Ukimtazama kwa seti hiyo moja unaweza kusema ni ini. Kesho yake jioni ALT imeshuka 310, watu wakafurahi anapona, ila bilirubini imepanda 62 na ALP 260, mkojo umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Hiyo ndo picha ya jiwe lililokaa: ALT inashuka peke yake huku bilirubini, ALP na GGT zinapanda. Tukamrudishia altrasaundi, mrija milimita 9 wakati jana yake ulikuwa 6. Huyo alienda rufaa na jiwe lilitolewa.

Kuna na wale ambao namba zinapanda na kushuka, bilirubini leo 50 kesho 28 keshokutwa 55. Jiwe linaelea, likikaa mlangoni linaziba, likirudi juu nyongo inapita. Usidanganyike na ile siku ya namba nzuri.

Ila uwe na subira na kasi ya kushuka. AST nusu yake inatoka kwenye damu kwa masaa kama 17, ALT kama masaa 47, ALP inachukua kama wiki. Na sehemu ya bilirubini inayoshikamana na albumini, protini ya damu, inakaa mpaka wiki mbili au tatu, ndo maana mtu aliyetolewa jiwe jana bado macho yake ni ya manjano na ndugu wanalalamika kwamba hajatibiwa. Waelezeni mapema, inapunguza hofu.

Sasa mambo ya kwetu ambayo vitabu vingi vya nje haviyapi nafasi. Mgonjwa mwenye selimundu ana mawe ya nyongo tangu utotoni mara nyingi, kwa sababu seli zake nyekundu zinavunjika kila siku na rangi inarundikana mpaka inakuwa mawe. Bilirubini yake iko juu siku zote. Kwa huyu usiangalie bilirubini yote, angalia ile ya moja kwa moja, na muulize kama ana majibu ya zamani alipokuwa mzima, hayo ndo kipimo chake cha kulinganisha. Malaria nayo inavunja seli na kupandisha bilirubini isiyo ya moja kwa moja, kwa hiyo mwenye homa na macho ya manjano mpime malaria hata kama altrasaundi imeshaonyesha mawe, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kuna watu wamezaliwa na ini linalochelewa kusindika bilirubini, wakiugua au wakikaa na njaa inapanda kidogo, ile isiyo ya moja kwa moja tena, na enzaimu zingine zote ziko sawa. Hao hawana ugonjwa.

Kwenye dawa uliza bila haya. Dawa za TB zinaweza kupandisha ALT na hata bilirubini. ARV ya atazanavir inapandisha bilirubini isiyo ya moja kwa moja bila ini kuumia. Pombe inapandisha GGT, dawa za kifafa kama fenitoini nazo hivyohivyo. Dawa za miti shamba uliza kwa heshima, ukiuliza kwa kufoka atakuficha. Hepataitisi B ipo nyingi huku kwetu, ipime. ALP inapanda kwa mjamzito hasa miezi ya mwisho kwa sababu kondo la nyuma linaitoa, na kwa kijana anayekua kwa sababu ya mifupa, na hapo GGT inakusaidia sana: ALP juu na GGT kawaida, hiyo ALP haijatoka kwenye nyongo. Minyoo askarisi nayo inaweza kupanda kwenye mrija na kuziba kama jiwe, mtaalamu wa altrasaundi akiona kitu kirefu kinachojinyonga msikilize.

Na seftriaksoni, ile sindano tunayoichoma kila wodi. Inaweza kuganda ndani ya mfuko wa nyongo ikaonekana kama matope au mawe, na ikiachwa inayeyuka yenyewe baada ya muda. Kama mgonjwa ameichoma siku nyingi kwenye kituo kingine kabla hajaja kwako, kumbuka hilo unaposoma altrasaundi.

Kuunganisha damu na picha ndo uamuzi wenyewe. Altrasaundi ni nzuri kwa mawe ya mfukoni ila kwa mawe ya mrijani inayakosa mengi, kwenye yale mapitio ya 2015 ilinasa 73 katika kila 100, maana sehemu ya chini ya mrija inafunikwa na gesi ya utumbo. Kwa hiyo "hakuna jiwe lililoonekana kwenye mrija" sio sawa na "hakuna jiwe". Muulize mpimaji vitu vitatu: mrija una milimita ngapi, sehemu ya chini ameiona au hakuiona, na mawe ya mfukoni ni makubwa au ni madogodogo mengi, maana madogo ndo yanayopenya. Jiwe moja kubwa kama limau haliendi popote.

Muongozo wa ASGE, chama cha Marekani cha madaktari wa kamera za tumbo, uliorekebishwa 2019 unaweka watu kwenye makundi, na mi nautumia hata pasipo na mashine za kwao. Uwezekano mkubwa ni pale jiwe limeonekana kabisa kwenye mrija, au mgonjwa ana maambukizi ya mirija ya nyongo, au bilirubini imezidi miligramu 4, yaani mikromoli 68, na mrija umepanuka, vyote viwili kwa pamoja. Zingatia hiyo "kwa pamoja", zamani kwenye muongozo wa 2010 bilirubini peke yake ilitosha na watu wengi walipelekwa kwenye kamera ya kutoa jiwe (ERCP) bila jiwe. Uwezekano wa kati ni enzaimu za ini zimepanda, au umri umezidi miaka 55, au mrija umepanuka. Uwezekano mdogo hana lolote kati ya hayo. Chama cha namna hiyo cha Ulaya, ESGE, kwenye muongozo wao wa 2019 hawakuiweka bilirubini kabisa kwenye kundi la juu, wao jiwe lionekane au kuwe na maambukizi ya mirija.

Kundi la juu linaenda ERCP, ile kamera ya mdomoni inayoingia mpaka mlango wa mrija na kutoa jiwe. Kundi la chini linaenda upasuaji. Wa kati ndo wengi na ndo wanaohitaji akili yako: palipo na MRCP, ile MRI ya mirija, au altrasaundi ya kamera, fanya hiyo kwanza, usimpeleke moja kwa moja ERCP kwa sababu ERCP yenyewe inaweza kuvimbisha kongosho, na inatokea kwa wagonjwa kadhaa katika kila mia. Palipo na mpasuaji anayeweza kupiga picha ya mrija wakati wa upasuaji, hiyo nayo inatosha. Na pasipo na chochote kati ya hivyo, mgonjwa hana homa kali, presha nzuri, anakunywa maji: endelea na antibayotiki, rudia damu masaa 48, rudia altrasaundi kwa mpimaji mzoefu kuliko wote mlionao, afu ndo uamue. Wengi watajitofautisha wenyewe hapo.

Dharura sasa. Homa na kutetemeka, macho ya manjano, na maumivu chini ya mbavu kulia, vitatu hivi kwa pamoja alivisema daktari Mfaransa Charcot tangu 1877 na bado ni vya kweli. Vikiongezeka kuchanganyikiwa na presha kushuka, mgonjwa anaweza kufa leo. Hapo husubiri masaa 48, husubiri majibu ya GGT. Dripu, antibayotiki za mshipa, oksijeni kama inahitajika, piga simu rufaa wakati damu bado iko maabara. Muongozo wa Tokyo wa 2018 wa kutambua maambukizi ya mirija ya nyongo unatumia bilirubini kuanzia miligramu 2, au enzaimu kuzidi mara 1.5 ya kiwango cha juu, pamoja na dalili za maambukizi na picha ya mrija uliopanuka au kitu kinachoziba. Lakini mzee au mwenye kisukari anaweza asiwe na vyote vitatu vya Charcot, anakuja amelegea tu na hataki kula. Mwamini mgonjwa kabla ya karatasi.

Wewe ndugu wa mgonjwa, vitu vya kumwambia muuguzi bila kusubiri raundi ni mkojo kugeuka rangi ya Coca-Cola, choo kuwa cheupe kama udongo, kujikuna mwili mzima, kutetemeka, au kuanza kuongea vitu visivyoeleweka. Na picha za majibu yote piga kwa simu yako, hata ya zamani, hata ya kituo kingine. Na kama mgonjwa wako amekuwa akinywa dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi kwa maumivu yanayokuja baada ya kula chipsi au nyama ya mafuta, sema, kwa sababu wengi tunaowakuta na mawe walishaambiwa ni vidonda.

Ukifikia kuandika rufaa, usiandike "LFT imepanda, ? jiwe". Anayempokea hawezi kufanya chochote na hiyo. Andika siku na saa maumivu yalipoanza, namba zote za seti zote mbili na saa zilipochotwa, yuniti, kiwango cha juu cha maabara yenu, mrija milimita ngapi na siku gani, sehemu ya chini ilionekana au hapana, INR, antibayotiki gani na zilianza lini, na dawa zote anazotumia nyumbani. Mpe mgonjwa nakala mkononi, nyingine ipige picha umtumie daktari wa zamu kule anakoenda. Na kama alishatolewa mfuko halafu wiki au miezi baadae maumivu yakarudi palepale, chukua seti ileile ya damu tena, ila hapo usishtuke na mrija wa milimita 8 au 9, baada ya mfuko kutolewa mrija unaweza kutanuka kidogo bila shida yoyote, wewe angalia GGT na bilirubini zinaelekea wapi kwa siku mbili hizo.